Malimbuko ya Bustani: Habari za Mboga na Mavuno katika Pwani ya Nyanza

I. Neno na majira yake

Katika nchi za Mwanza mwaka hugawanyika kwa maji. Mvua za vuli huanza mwezi wa Oktoba na kuendelea hata Desemba; masika hushika tangu Machi hata Mei; kisha anga hutakata, majani ya vilimani hukauka, na kiangazi huitawala nchi tangu Juni mpaka Septemba. Hapo mwenye shamba la nafaka huweka jembe lake chini, kwa kuwa mtama wake umekwisha kuingia kihengeni. Lakini mabondeni, na kando ya ghuba za Nyanza, udongo ungali na unyevu wake. Ndipo wanaume kwa wanawake hushuka na majembe na ndoo, wakapiga matuta, wakamwagilia maji asubuhi na jioni. Na baada ya wiki chache mboga za kwanza huwa tayari. Basi mavuno ya bustani huanza wakati ule ule ambapo shamba kubwa linalala.

Kiswahili kina neno lake kwa mwanzo huo. Husema kulimbuka, yaani kuonja mazao mapya kwa mara ya kwanza. Na mazao hayo ya kwanza huitwa malimbuko. Neno hili husikika kanisani siku ya matoleo, lakini asili yake ni shambani, wala hakuna mkulima asiyejua maana yake. Siku ya kulimbuka hailingani na siku nyingine. Siku hiyo hujulikana ni nani aliyelima kweli, ni nani mwenye haki ya kula, na ni nani atakayesahauliwa.

Vitabu vya Yubile husimulia sana habari za makanisa, za shule na za hospitali, na ndivyo ipasavyo. Lakini yafaa bustani nayo itajwe, maana hakuna aliyejenga ukuta kwa tumbo tupu. Katika kurasa hizi tutafuata habari za kilimo cha mboga na cha chakula katika pwani hii, tangu zamani za watemi hata siku zetu. Tena msomaji ataona jambo moja linalorudi kila zama: kulima pamoja si kugumu sana, jambo gumu ni kugawana. Bustani ya watu wengi huishi au hufa siku ile mavuno yanapoanza.

II. Waliolima kabla ya misioni

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali palipo sasa mji wa Mwanza, akaliona ziwa, akaliita kwa jina la malkia wake. Watu wa pwani hawakuwa na haja ya kuonyeshwa ziwa lao. Walikuwa wakivua samaki humo, wakisafiri kwa mitumbwi, na kulima kando yake tangu vizazi vingi. Mashambani mwao palikuwa na mtama na uwele, kunde, maboga na njugu mawe. Viazi vitamu, muhogo, mahindi na karanga, ambavyo asili yake ni Amerika, ni vyakula vilivyotangulia wamisionari katika nchi nyingi za bara, vikapokewa na wakulima mpaka vikawa kama wenyeji.

Mboga nazo zilikuwapo. Nyingine zilipandwa, na nyingine ziliota zenyewe katika mashamba baada ya mvua: mchicha, mlenda, mgagani, majani ya kunde na ya maboga. Wanawake ndio waliokuwa walimu wa elimu hiyo. Walijua ni jani gani huchumwa likiwa changa, ni lipi hupunguzwa uchungu kwa kuchemshwa, na ni lipi hufaa kukaushwa. Majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo Wasukuma huyaita nsansa, yaliwekwa akiba kwa miezi ya ukame. Viazi vitamu vilikatwa vipande: vikikaushwa vibichi huitwa michembe, vikichemshwa kwanza kisha kukaushwa huitwa matobolwa. Kwa hiyo nyumba yenye bibi mwangalifu haikukosa kitoweo wakati ambapo bondeni hapakuwa na jani hata moja.

Atakaye kuona kilimo cha watu wasiofundishwa na mgeni yeyote, na aende kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe. Kisiwa hicho ni kidogo, kama kilometa 80 za mraba hivi. Udongo wake ni wa mchanga utokao katika mawe ya matale, na watu wake tangu zamani ni wengi mno kwa eneo lake. Hawakuwa na nafasi ya kuacha shamba lipumzike miaka mingi, kama walivyofanya watu wa bara. Basi Wakara walibuni njia yao. Ng'ombe waliwekwa ndani, wakaletewa majani, na samadi yao ikachukuliwa shambani. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, si kwa ajili ya kula, bali ili waufukie na kuulisha udongo. Walijenga kingo za mawe ili mvua isichukue rutuba. Kando ya ziwa walichimba mashimo yenye maji, wakapanda ndani yake majani ya ng'ombe. Katika miaka ya 1930 mabwana shamba wa serikali ya Kiingereza walikwenda kutazama na kuandika habari zake. Nao wataalamu wengine wamefuata baada yao. Mgeni aliyekuja kufundisha alikuta mengi ya kujifunza.

Katika kisiwa cha Ukerewe chenyewe tunaye shahidi mwingine. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na misioni, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Baadaye aliitia katika Kiswahili mwenyewe, nayo ikapigwa chapa karibu na wakati wa kifo chake mwaka 1981. Hadithi hiyo ni ya mume na mke waliotafuta mtoto. Lakini ndani yake mna mashamba, migomba, uvuvi, mapishi na desturi za kukaribisha wageni kabla Wazungu hawajaja. Mzee Kitereza aliona kwamba mambo hayo yangesahauliwa, akayaweka akiba kama mama awekavyo nsansa.

III. Elika na mtemi

Wasukuma hawakulima kila mtu peke yake. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao, elika, chini ya mkubwa wao aitwaye nsumba ntale. Mwenye shamba kubwa, au mwenye kuchelewa na mvua, aliwaita. Nao wakaja na majembe yao, wakasimama safu moja, wakalima kwa wimbo. Ngoma ya bugobogobo, ambayo hata leo huchezwa kwa majembe, ndiyo picha ya kazi hiyo: jembe hupanda na kushuka kwa mapigo, na mvivu huonekana mara moja kwa kuwa jembe lake limekosa wimbo.

Lakini angalia jinsi walivyolipana. Malipo yalijulikana kabla jembe halijagusa udongo. Aliyewaita aliandaa chakula na pombe, au kwa kazi kubwa mnyama wa kuchinja, na nsumba ntale alisimamia mgawanyo. Aliyekosa kazi pasipo sababu alitozwa faini. Mavuno yenyewe yalibaki kuwa ya mwenye shamba. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi siku ya kuvuna: kazi ilikuwa ya wote, karamu ilikuwa ya wote, lakini kihenge kilikuwa na mwenyewe.

Juu ya hayo alikuwapo mtemi. Watu wengi hulitoa jina lake katika neno kutema, kwa kuwa wa kwanza alitema msitu ili watu wapate mahali pa kukaa. Mtemi alitangulia katika mambo ya mvua na ya mbegu, na ghala yake ilitazamiwa kuwa kimbilio la wenye njaa. Mtemi aliyekula peke yake wakati wa ukame hakudumu katika kiti chake. Ndiyo kusema, hata mamlaka ya nchi yalipimwa kwa chakula.

IV. Kageye na Bukumbi

Sasa tuje kwa misioni. Mapadre Weupe wa kwanza walitoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, wakafika Kageye, kwa mtemi Kaduma, mwisho wa Desemba ya mwaka uleule. Njia iliwachukua miezi sita. Miongoni mwao walikuwa Padre Livinhac, Padre Lourdel na Bruda Amans. Kutoka Kageye walivuka kwenda Buganda mwaka 1879. Hata ilipofika Novemba 1882 hawakuweza kukaa tena huko, wakarudi kusini ya ziwa pamoja na watoto waliokuwa wamewakomboa kutoka utumwani. Na mwaka 1883 wakapata mahali pa kudumu Kamoga, katika nchi ya Bukumbi, kando ya ghuba ya Mwanza. Ndiyo misioni ya zamani katika Jimbo hili.

Msomaji na afikiri kidogo. Mzigo wa unga au wa mbegu kutoka pwani ya bahari ulikaa njiani nusu ya mwaka, ukibebwa begani. Misioni yenye watoto wengi haikuweza kuishi kwa mizigo ya namna hiyo. Ilibidi ile chakula cha nchi. Na chakula cha nchi kilipatikana kwa kununua kwa majirani, na kwa kulima. Hivyo bustani haikuwa pambo la nyumba ya mapadre. Ilikuwa sharti la kuishi kwao, na wenyeji ndio waliojua ni mwezi gani mbegu itiwe, na ni bonde gani huhifadhi maji.

Tena chama cha Mapadre Weupe kilizaliwa katika njaa. Mwaka 1867 na 1868 njaa kali na maradhi yaliua watu wengi sana katika nchi ya Algeria. Askofu Mkuu Lavigerie, aliyefika Algiers mwaka 1867, aliokota mayatima zaidi ya 1,000. Ilimpasa awalishe, na kuwafundisha kazi ya kuwalisha maisha yao yote. Kwa ajili hiyo alianzisha mwaka 1868 chama cha mapadre, na mwaka 1869 chama cha masista, ambao mwanzoni waliitwa masista wakulima na wauguzi. Ndiyo maana jembe lilikuwa miongoni mwa vyombo vya chama hiki tangu siku zake za kwanza.

Bukumbi ilijaribiwa upesi. Mwaka 1888 kulikuwa na vita na mapinduzi Buganda. Kabaka Mwanga alifukuzwa, akakimbilia Magu, akashikwa huko na wafanyabiashara Waarabu. Mwishoni mwa mwaka akapokewa Bukumbi. Wamisionari waliofukuzwa, na Wakristo wakimbizi pamoja nao, walikuja pia. Mfalme aliyekuwa amewaua Wakristo wake miaka michache nyuma alikula sasa chakula cha misioni, pamoja na ndugu za wale aliowaua. Hapo ndipo mgawanyo wa chakula ulipokuwa fundisho kubwa kuliko mahubiri. Mwaka 1889 Mwanga aliondoka kwenda kukitafuta tena kiti chake. Na tarehe 25 Mei 1890 Padre Hirth akawekwa wakfu kuwa askofu huko huko Kamoga.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa nchi nzima. Mwanzo wa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika Mashariki, na pamoja na ng'ombe ikaondoka samadi, na maziwa, na mali ya mahari. Funza wa miguu, waliotoka Amerika kwa njia ya bahari ya magharibi, walifika pwani ya ziwa, wakalemaza watu hata wasiweze kulima. Katika nyakati kama hizo tuta la viazi na la kunde karibu na nyumba lilikuwa mpaka kati ya uzima na kifo.

V. Pamba, reli na amri

Wadachi walijenga boma lao Mwanza mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1890. Baada ya vita ya 1914 hata 1918 nchi ilishikwa na Waingereza. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na mji ukapata soko lisilokuwapo zamani. Wafanyakazi wa bandarini, wa reli na wa ofisini hawakuwa na mashamba, walinunua mboga. Kabichi, karoti, vitunguu na nyanya, ambazo hapo kwanza zilikuwa chakula cha Wazungu na Wahindi, zikaanza kulimwa na Waafrika kwa ajili ya kuuza, kisha kwa ajili ya kula. Leo mchuzi bila nyanya huonekana kuwa na kasoro, wala hakuna anayekumbuka kwamba ni mgeni.

Lakini zao kubwa lililotawala lilikuwa pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilianzishwa katika miaka ya 1930, kikatoa mbegu bora. Pamba ilileta fedha, nguo, mabati na karo za shule. Wakulima hawakuridhika kupunjwa katika mizani ya wanunuzi, wakaunda vyama vyao. Na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, akiongoza Paul Bomani. Huo ni ushindi mkubwa katika historia ya wakulima wa Tanganyika. Walidai kwanza mizani ya haki, yaani mgawanyo wa haki, na umoja ukafuata.

Hata hivyo pamba hailiwi. Inadai palizi wakati ule ule chakula kinapodai, na nyumba iliyolima pamba tu ilinunua chakula kwa bei ya msimu wa njaa. Serikali iliona hatari hiyo, na hatari ya udongo kuchoka, ikaanzisha mwaka 1947 Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Watu waliamriwa kupanda mihogo ya akiba, kufunga matuta, kutia samadi, na kupunguza ng'ombe. Mengi katika maagizo hayo yalikuwa mema. Samadi na kuzuia maji ni mambo ambayo Wakara waliyafanya pasipo kuagizwa. Lakini yaliletwa kwa faini na kwa kesi. Mwaka 1958 watu wa Geita, kwa sababu ya baraza jipya walilolazimishwa, na kwa kuchoshwa na amri za kilimo na za mifugo, walikwenda Mwanza kwa wingi kulalamika, wakatawanywa kwa moshi wa kutoa machozi. Baada ya hapo serikali ililegeza amri zake. Wasukuma wale wale walioimba katika elika walikataa kufunga matuta kwa amri. Jembe ni lile lile. Tofauti ilikuwa kwamba katika elika walijua watakula nini jioni, na ni nani aliyewaita.

Baada ya uhuru somo hili lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1967 likatolewa Azimio la Arusha, na katika mwaka huo Mwalimu Nyerere akaeleza siasa ya ujamaa vijijini: watu waishi pamoja, walime shamba moja, na kila mtu apate kwa kadiri ya kazi yake. Mwaka 1974 watu wa Mkoa wa Mwanza walihamishiwa vijijini kwa operesheni, mara nyingi kwa nguvu. Ukame wa miaka hiyo na machafuko ya kuhama vilileta upungufu wa chakula, hata taifa likaagiza nafaka nchi za nje. Vijiji vilileta shule, zahanati na visima kwa watu wengi. Lakini shamba la ujamaa mara nyingi lilipaliliwa mwisho, baada ya kila mtu kupalilia lake. Si kwamba watu hawakupenda kusaidiana. Hawakuona wazi ni nani atakayekula mavuno, wala ni nani aliyeandika siku zao za kazi.

VI. Mavuno yasiyongoja

Hapa inafaa tutenge kati ya shamba la nafaka na bustani ya mboga, kwa maana wengi huanzisha bustani ya pamoja wakidhani ni shamba dogo la nafaka. Nafaka huvunwa mara moja. Hukaushwa, hupurwa, hupimwa kwa debe au gunia, huwekwa kihengeni. Wakigombana leo, mtama utawangoja mpaka wapatane. Tena panya peke yao ndio watakaofaidi ugomvi huo. Mboga haina subira hiyo. Mchicha huwa tayari wiki tatu au nne baada ya kupandwa. Ukiachwa hukomaa, ukatoa mbegu, na jani lake likawa gumu. Nyanya ikiiva leo, kesho kutwa inaoza. Mboga iliyochumwa asubuhi, ikikaa juani hata adhuhuri, imekwisha kupoteza nusu ya bei yake.

Tena bustani haina siku moja ya kuvuna. Mchicha huanza, majani ya kunde hufuata, sukuma wiki huchumwa majani ya chini wiki baada ya wiki, nyanya hungojewa miezi miwili au mitatu tangu kuhamishwa kutoka kitaluni, kabichi huja nyuma. Kwa hiyo malimbuko ya bustani huja mara nyingi, na kila mara swali ni lile lile: ni za nani? Kikundi kisichojibu swali hilo kabla ya kusia mbegu kitalijibu mbele ya matenga yaliyojaa, jua likipanda, mnunuzi akingoja, kila mtu akisema kwa sauti kubwa. Hapo ndipo vikundi hufa. Wengi hulaumu ukame au wadudu, kumbe tuta lilikuwa zima. Kilichokauka ni imani ya mtu kwa mwenzake.

Wazee wa elika wangetufundisha nini? Kwanza, kwamba makubaliano hufanywa jembe likiwa bado mkononi. Pili, kwamba lazima awepo msimamizi mmoja anayejulikana, anayeweza kuulizwa mbele ya wote. Tatu, kwamba asiyefika kazini na awe na udhuru au atozwe. Sisi tunaweza kuongeza la nne, ambalo wao hawakuwa nalo: daftari. Siku za kazi ziandikwe, matenga yaandikwe, fedha iandikwe, na daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama, kwa maana wako wasiojua kusoma ambao wamelima zaidi ya wasomi.

Na liko la tano, lililo la zamani kuliko yote. Torati iliwaagiza wakulima wasivune pembe za shamba, wala wasirudie kuokota masazo, ili maskini na mgeni wapate. Na mwaka wa Yubile kilichoota chenyewe kiliwe na wote. Mtemi mwema alifanya vivyo hivyo kwa ghala yake. Tuta moja la mjane, la mgonjwa au la yatima, likihesabiwa tangu mwanzo, haliwapunguzii wenye bustani kitu kikubwa. Lakini lisipohesabiwa tangu mwanzo, halitapatikana kamwe siku ya mavuno.

VII. Ziwa nalo lina haki yake

Bustani za pwani zina jirani asiyekuja katika mkutano, naye ni ziwa. Kati ya 1961 na 1964 mvua kubwa zilipandisha maji ya Nyanza zaidi ya meta 2, yakafunika mashamba, njia na nyumba za kando. Mwezi wa Mei 2020 maji yalipanda tena hata kimo kama kile cha 1964. Aliyelima ukingoni alivuna maji.

Wala si ziwa tu linalomdhuru mkulima. Mkulima naye hulidhuru ziwa. Udongo uliolimwa ukingoni huoshwa na mvua, ukaingia majini pamoja na mbolea na dawa za wadudu. Maji yakapata rutuba isiyotakiwa, na magugumaji yakastawi. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 magugu hayo yameziba ghuba na kuwasumbua wavuvi. Kwa sababu hiyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za watu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi wenye vibustani vidogo huiona sheria hii kuwa nzito, maana maji ya ndoo yana uzito wake, na meta 60 si chache kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Lakini kisima au mfereji, samadi badala ya chumvi ya dukani, na ukingo wa majani ulioachwa kati ya tuta na maji, vyaweza kuwapatanisha jirani hawa wawili. Watu wa Ukara walitangulia kutuonyesha kwamba watu wengi waweza kuishi kwenye udongo maskini karibu na maji, wakilipa udongo deni lake kila mwaka.

VIII. Ngoma baada ya jembe

Mavuno katika Usukuma hayakuisha pasipo ngoma. Kazi zilipopungua, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa katika karne ya 19 na waganga wacheza ngoma Ngika na Gumha, vilishindana mbele ya watu. Na mshindi alikuwa yule aliyewavuta watazamaji wengi. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, wa nchi ya Kanada, alianza kazi Bujora, karibu na Kisesa, akajenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na hapo pakawa na makumbusho ya Wasukuma. Sikukuu ya Ekaristi, ambayo huangukia mara nyingi mwezi wa Juni, iliunganishwa na ngoma za mavuno, ikaitwa Bulabo, yaani maua. Hata leo watu hukusanyika Bujora majira hayo. Ngoma mbili hushindana, na majembe ya bugobogobo hurushwa juu.

Jambo hilo lina maana kwa habari tulizosimulia. Bukumbi ilisimama kwa chakula cha majirani na kwa ujuzi wao wa mabonde na majira. Bujora ilisimama kwa kuzipokea ngoma zao. Aliyekuja na mbegu mpya akakubali kufundishwa mwezi wa kuipanda alivuna. Aliyekuja na amri tu alikuta matuta yamefunguliwa usiku.

Leo mji wa Mwanza umejaa watu kati ya mawe yake, na walaji wa mboga wanaongezeka kila mwaka. Shule, parokia, misikiti na vikundi vya akina mama wanalima bustani mabondeni. Basi kila mwezi wa Juni unapokaribia, na mchicha wa kwanza ukisimama kijani katika tuta, wakumbuke wale waliotangulia: bibi aliyekausha nsansa, Mkara aliyebeba samadi, nsumba ntale aliyegawa nyama kwa haki, na misioni changa iliyomlisha mfalme mkimbizi pamoja na yatima. Kisha, kabla ya kuchuma jani la kwanza, wakae chini ya mti, wafungue daftari, wakubaliane. Wakiisha kukubaliana, na walimbuke kwa furaha.